Vigingi vya Chumba cha Mama

Baba Watoto,

Fundi akija, achimbe msingi palipo na kamba. Vigingi ulivyovisogeza asubuhi ili gari lako lipate pa kulala, nimevirudisha. Uliniambia, "Mke wangu, chumba kikipungua kidogo mama hatajua." Atajua. Nimekijaribu kiti chake cha magurudumu ndani ya kamba zako, na hakigeuki.

Sakafu iwe sawa na ya sebuleni, bila kizingiti.

~~Kama hukubali, fundi anisubiri.~~ Hapana. Aanze leo, kabla hujapata wazo jingine.

Mama amechoka kushushwa ngazini kila asubuhi kama kabati. Gari likinyeshewa halishikwi na mafua.

Chai iko kwenye chupa.

Mkaza mwana wa mama yako
(jioni nitakuwa mkeo tena)