Nafasi Moja, Watoto Wawili

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo umepoa? Wifi na wanangu hawajambo? Sisi tunaendelea. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini kelele zake hazijapungua, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Habari kubwa unayo: pacha wetu wamepata chuo wote wawili. Majina yalipotoka tulishangilia hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Kisha tukafika ukurasa wa ada, kicheko kikatukauka. Kiwanda cha uchapaji kilimpunguza shemeji yako tangu mwaka jana, na mshahara wangu wa uuguzi siku hizi unaishia sokoni. Tulijikuna kila tulipofikia. Ikatoka ada ya mmoja.

Jumapili mchana tukawaita sebuleni. Baba yao akaanza kuzungukazunguka, mara hali ya uchumi, mara bei ya mafuta, hadi binti yetu, yule unayemwita Kasuku, akamkatiza.

“Baba, kaka aende tu. Mimi nitasubiri.”

Alisema hivyo huku anakunja nguo zilizoanuliwa, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye kiti. Kaka yake alitazama sakafu. Nikaona usoni mwake kitu ninachokijua vizuri: nafuu, na aibu ya kuona nafuu. Nikaenda jikoni, nikafungulia bomba ili wasinisikie.

Kesho yake ndipo ukapiga simu ukasema mmoja utamlipia wewe, nyumba yako itangoja saruji. Shemeji yako alilia, yeye anayejidai jabali. Pesa zimefika. Sijazigusa, na hapa nyumbani hakuna anayeelewa kwa nini. Wewe ndiye unayestahili kuelewa.

Mwaka ule niliorudia mtihani, tukaufanya pamoja, uliambiwa jina lako halikutoka. Lilitoka. Barua zetu mbili zilifika siku moja. Nilizichukua mimi posta. Baba alizisoma zote, akasema uwezo wake ni wa mmoja, na kwamba mwanamume hakosi kazi ya mikono. Akaniomba ninyamaze, nikanyamaza. Sikubisha hata kwa neno moja. Jumatatu ile ulipoondoka kwenda kuchanganya zege, uliniambia nisome kwa niaba ya vichwa vizito wote wa nyumbani. Nikacheka pamoja nawe.

Baba alipofariki ningeweza kusema. Nikajiambia nalinda jina la marehemu, kumbe nilikuwa najilinda mwenyewe.

Sasa unataka kumsomesha mwanangu huku ukiamini kwamba wewe hukuwa na akili za chuo. Siwezi kuzipokea pesa zako hivyo. Ukisema nizirudishe, nitazirudisha siku hiyohiyo, na Kasuku nitamweleza sababu mimi mwenyewe, bila kukusingizia. Kujiandikisha kunafungwa tarehe ishirini, lakini tafadhali usiiharakishe hasira yako kwa ajili yetu.

Shemeji yako anakusalimu, hajui ninachokuandikia. Msalimie wifi, na wanangu uwaambie shangazi anawakumbuka. Hata usiponijibu, hili lishike: hukufeli, mdogo wangu. Ulinizidi alama, tena kwa mbali.

Ni mimi,
Dada yako