Pedali Iliyozama

Mjukuu wangu Mwila,

Habari za Kasenga? Hapa Ruashi tuko salama, mama yako anakusalimu. Umeuliza kama mwanafunzi wa gereji anaweza kumsahihisha bosi wake.

Jumapili moja, nikiwa msichana wa shule, baba alibadilisha plaketi za breki za mbele za gari letu, zile pedi zinazobana diski, kisha akatuita mimi na kaka zangu twende misa. Nilikaa kiti cha dereva kwa mchezo, nikakanyaga pedali. Ikazama mpaka chini.

«Papa, breki haiko!»

«Shuka! Mutoto anajua nini?»

Sikushuka. Akapenyeza mguu kando yangu, akaikanyaga mwenyewe, ikazama tena. Plaketi zikiwa mpya, pedali hukanyagwa mara nyingi kabla ya kuondoka ili zisogee zishike; hilo alikuwa amelisahau. Akaikanyaga mpaka ikawa ngumu, kisha akanionyesha kiti cha kando yake, akawaambia kaka zangu:

«Mwikale nyuma. Mbele ataikala fundi.»

Kambo yako anayekuombea