Pasipoti Ndani ya Kiatu

Baba watoto,

Wali uko kwenye friji, upashe moto. Watoto wanatoka shule mapema leo, usisahau kwenda kuwachukua. Gesi inakaribia kwisha.

Mimi nimeondoka. Ulidhani nitakwama, ndiyo maana asubuhi ulijilaza ukinitazama nikimwaga begi langu la mgongoni sakafuni nikitafuta pasipoti, ukasema kwa upole, "Pole mke wangu, labda safari haikuandikwa." Wewe! Mwezi mzima umenicheka nikikunja nguo zienee begi moja, nikitafuta mabasi ya bei rahisi na vyumba vya kulala watu wanane. Ungesema tu hutaki niende nje ya nchi na dada yangu. Tungegombana, yangekwisha. Lakini kuificha ndani ya kiatu chako cha harusi! Nimeikuta ulipoingia kuoga.

Nimechukua koti lako la mvua, lile usilotaka liguswe. ~~Ukipiga simu nitapokea.~~ Usinipigie.

Badala yake nimempigia mama yako, nikamweleza yote. Akasema, "Nenda, mwanangu, utembee mpaka uchoke. Huyo niachie mimi."

Yuko njiani na mizigo yake, na atakaa mpaka nirudi. Mtandikie kitanda chetu, maana mgongo wake hauwezi godoro la sebuleni. Huko utalala wewe.

Mama yao