Mashine ya Mama Mkwe na Vumbi la Zege

Shikamoo mshauri. Umri wako siujui, ila kwa jinsi unavyowachapa watu gazetini kila Jumamosi nahisi umenizidi, na leo nimejileta mwenyewe, naomba msaada, lakini nakusihi unichape polepole maana mwenzio tayari nimevimba.

Mimi ni fundi wa kukarabati nyumba, naongoza mafundi wanne, tunavunja kuta, tunachimba njia za nyaya, tunasugua sakafu za zege, tunakata marumaru, na kazi zote hizo ni vumbi tupu. Mtu wangu wa grinda, ile mashine ya diski ya kukatia na kusugulia, ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana miaka thelathini na tisa, hajaoa, alikuwa akiishi kwa mama yake, na mkono wake umenyooka kuliko rula, akikata marumaru huoni hata pembe iliyomeguka, kwa hiyo kila penye kukata namweka yeye, mwaka wa kumi na moja sasa.

Miaka miwili iliyopita aliniambia mbele ya wenzake, "Shemeji, tutafute mashine ya kufyonza vumbi, ile ya mafundi, inaungwa kwenye grinda, vumbi linanyonywa palepale linapotoka." Mimi nikacheka nikamjibu, "Vumbi ndiyo manukato ya fundi, ukitaka kunukia vizuri nenda kauze maua." Watu walishika mbavu, na tangu siku hiyo wakawa wanamwita Bwana Maua, naye akawa anajifunga kitambaa puani na kuendelea na kazi.

Sasa mwaka huu tukapata kazi kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu, anataka sakafu ya sebule isuguliwe huku yeye mwenyewe akiendelea kuishi humo ndani, na akatoa sharti moja tu, vumbi lisivuke mlango wa sebule, nami nikamwambia, "Mama, ondoa shaka, tuna mashine," na mashine sina. Nikakumbuka mama mkwe wangu ana mashine ya kufyonzea zulia, alipewa na wenzake siku alipostaafu uuguzi, anaitunza pembeni ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kwa kuwa mimi ndiye niliyembadilishia kitasa nilibaki na ufunguo mmoja, basi siku aliyokwenda kumtazama mgonjwa nikaingia nikaichukua, nikijiambia itarudi kabla hajarudi.

Shemeji alipoiona akaniuliza, "Hii si ya mama?" Nikasema, "Ameniruhusu." Tukaunga mpira wake kwenye grinda kwa selotepu pana, tukawasha, na nakuambia mshauri dakika kumi za kwanza nilijiona nina akili kuliko wote, mpaka nilipogeuka nikaona nyuma ya ile mashine kunatoka moshi mweupe kama unga unaopepetwa, yaani vumbi linaingia mbele linatokea nyuma, limeshafika jikoni, limeshapanda kwenye mapazia na vitabu, halafu kukanuka kuungua, halafu kimya. Mwalimu akatokea mlangoni, kope nyeupe, amekamata kikombe kilichojaa tope, akaniuliza kwa sauti ndogo tu, "Fundi, hii ndiyo mashine?"

Nikaifuta nikairudisha, nikaifunika kitambaa chake vilevile. Jumapili yake mama mkwe alikuwa na wageni, walewale wauguzi wenzake waliompa zawadi, nasi tulialikwa, na kabla hawajakaa akasema ngoja apitishe mashine kwenye zulia mara moja, akachomeka, ikatoa cheche na wingu la saruji mbele ya watu wote. Akaifungua akakuta zege, akageuka moja kwa moja kwa mwanawe ambaye kila siku anarudi na nguo za saruji, akasema, "Ni wewe." Mshauri, mimi nilikuwa nimeketi palepale na kikombe cha chai. Shemeji aliniangalia. Akamwangalia dada yake, yaani mke wangu. Kisha akasema, "Nisamehe mama." Akaambiwa mtu mzima gani asiye na adabu, akafungashe vitu vyake, na tangu hapo analala kwenye stoo yetu ya vifaa, kati ya mifuko ya saruji, nami sijafungua mdomo.

Wiki tatu baadaye alishindwa kupanda ngazi na ndoo mbili. Mke wangu akampeleka hospitali, akapigwa picha ya kifua, daktari akasema mapafu yameanza kuweka makovu ya vumbi la mawe na kovu la pafu halifutiki, la maana ni lisiongezeke. Mke wangu kanipa wiki moja, ama ninunue mashine ya kweli ama anamtoa kaka yake kwangu na yeye anamfuata, na kwamba mashine ya mama yake niliiua mimi bado hajui.

Basi nimekwenda dukani, ziko mbili. Moja nyekundu, pipa kubwa, mota mbili, muuzaji anasema hiyo inavuta mpaka dhambi. Nyingine ya kijivu, fupi kama sanduku la vifaa, ina herufi M ubavuni na chujio linalojikung'uta lenyewe, na shemeji kamwambia dada yake tuchukue hiyo. Moyo wangu uko kwenye nyekundu. Kusema kweli nikiingia na ile ya kijivu mafundi watasema Bwana Maua alikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi kama kiongozi uso wangu nitauweka wapi? Nichukue ipi? Na hili la mama mkwe, kwa kuwa limeshatulia, si afadhali nisilitibue, maana yaliyopita si ndwele?

Ni mimi, Fundi Niliyekabwa.

*

Marahaba, fundi. Umeomba nikuchape polepole. Ombi nimelisoma, na nimelikataa.

Mtu alikuomba hewa, ukampa jina la utani. Ukaingia kwa mkweo hayupo, ukabeba mali yake, ukaiua, ukaifunika vizuri kama maiti, kisha ukaketi kwenye kiti chake kunywa chai yake huku mwanawe akifukuzwa kwa kosa lako. Baada ya hayo yote unakuja kuniuliza rangi! Nyekundu au kijivu, kama unachagua shati la kwendea harusini.

Na una uso wa kuniandikia kwamba yaliyopita si ndwele. Ndwele gani nyingine unaitafuta? Imo kifuani mwa shemeji yako, imepigwa picha, daktari ameionyesha kwa kidole. Methali haikutungwa ili wewe ujifichie.

Sasa, kwa kuwa mimi mashine sizijui, na sipendi kumpigia mtu kelele juu ya jambo nisilolijua, nilichukua barua yako nikaenda nayo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji akanipeleka mbio kwenye pipa jekundu, akalipiga kofi mgongoni.

"Mama, hii inavuta mpaka dhambi."

"Vizuri," nikamwambia, "nimekuja na barua yenye dhambi za kuijaribia."

Akacheka. Nikamuuliza, "Hewa inayoingia huku mbele inatokea wapi?"

"Hapa nyuma."

"Ikitoka, inatoka ikiwa safi?"

Akaanza kunieleza habari za mota mbili. Nikamuuliza tena. Akarudi kwenye mota. Basi nikavua mtandio wangu mweusi, nikautandaza nyuma ya pipa, nikamwomba achote kikombe cha saruji kwenye mfuko uliopasuka pale mlangoni, amwage sakafuni, awashe. Saruji ilifyonzwa yote, sikatai, sakafu ikabaki safi. Lakini mtandio ulikuwa umepata mvi. Tukaukung'uta nje, tukafanya vilevile na ile ya kijivu. Mtandio ukabaki mweusi. Muuzaji akajikuna kichwa, akasema, "Hii nyekundu wengi huchukua kwa sababu inaonekana." Nikamwambia nina barua ya mmoja wao.

Umeelewa, au nirudie kwa mota tatu? Kuvuta si kazi, hata ufagio unavuta. Kazi ni kuzuia kile kilichovutwa kisitoke tena. Unga unaouona kwenye mapazia ya mwalimu ndio wenye huruma, unakaa chini, unafutika. Ule ulio laini hata jicho haliuoni ndio uliomwingia shemeji yako miaka kumi na moja. Mashine ya zulia haikutengenezwa kuuzuia, na pipa lako jekundu ni mashine ya zulia iliyonenepa.

Kwa hiyo utachukua ya kijivu. Hiyo herufi M imewekwa kwa ajili ya vumbi la zege, marumaru na mbao, yaani mkate wako wa kila siku. Utakuta nyingine zimeandikwa L, hizo ni za vumbi jepesi, waachie wenye vumbi jepesi. Zipo za H, kwa vumbi baya zaidi, ila kama siku moja utakutana na paa la zamani la asbesto, usijidanganye kwamba herufi itakuokoa. Shuka, ondoa watu wako, waite waliosomea kazi hiyo.

Usitoke dukani na mashine peke yake. Chukua na kava la grinda linalofunika diski, kwa sababu bila hilo utakuwa unafukuza vumbi lililokwisha kuruka. Jaribu mpira palepale dukani, uingie kwenye kava ukae wenyewe. Ukiona mkono wako unatafuta selotepu, umekosea saizi. Chukua mifuko ya ndani ya kutosha, na mfuko ukijaa ufungwe utolewe mzima mzima, asiwepo mtu wa kuukung'uta ili utumike tena, nakujua. Mwombe muuzaji akuonyeshe inavyolia mvuto unapopungua, na ikilia kazini, kazi isimame. Usije ukaiziba mdomo kwa kitambaa. Siku mnakata chuma usiiunge, cheche zikiingia kwenye mfuko wenye vumbi la mbao utakuja kuniandikia barua nyingine kutoka kwenye majivu. Na barakoa za kazi, zinazobana uso, kila mtu avae hata mashine ikiwepo, wewe wa kwanza.

Hapo umemaliza upande rahisi.

Shemeji yako harudi kwenye grinda. Najua ulikuwa umeshapanga moyoni kwamba mashine ikija naye anarejea kwenye nafasi yake, maana hakuna anayekata kama yeye. Harudi, hata uje na mashine kumi. Mtu mwenye jicho lililonyooka kuliko rula anaweza kupima, kuchora, kupanga marumaru na kukagua kazi ya wengine, na utampa kazi hiyo kwa heshima ileile na ujira uleule. Daktari amtazame kila atakapomwita, na siku hiyo asihesabiwe mtoro. Kwenye stoo ya saruji, fundi! Mtu ameambiwa asivute vumbi, wewe umemlaza juu ya mifuko yake. Hilo nimelisoma mara tatu nikidhani nimekosea mstari. Leo hii anahamia kwenye chumba chenye dirisha nyumbani kwako, na kama hakuna chumba, wewe ndiye utakayelala sebuleni.

Mafundi uwaite wote wanne, yeye akiwa mmoja wao, uwaambie kwa mdomo wako: alisema kweli, mimi nilimcheka, na hilo jina nisilisikie tena. Unaogopa watasema alikuwa sahihi. Si alikuwa sahihi? Uso wako unauliza utauweka wapi, uweke hapohapo mbele yao, uone haya kidogo, haya haijaua mtu. Kwa mwalimu mstaafu rudi na maji, vitambaa na watu wako, msafishe mpaka kitabu cha mwisho.

Mkeo umwambie leo, kabla gazeti halijamfikia, maana hii barua ataijua kwa mstari wa pili. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize.

Kisha mama mkwe. Usimtangulize mkeo akulainishie njia, wala usipeleke mashine mpya ya zulia na kuiweka mezani kama kizibo cha kumzibia mdomo. Mashine utampelekea, ni haki yake, ila baada ya maneno. Umwombe awaite wale wauguzi wenzake, kwa sababu mwanawe aliaibishwa mbele yao na mbele yao ndipo atakaposafishwa. Usimame, usiketi, na chai usiipokee. Useme uliingia kwa ufunguo uliouficha, useme ulivyoiua, useme ulivyonyamaza. Ufunguo uuweke mezani. Akikutukana, sikiliza. Akikutoa nje, toka, urudi wiki inayofuata.

Kuna jambo moja hukuniuliza, na ndilo lililonikera kuliko yote. Yule mtu alikuangalia, akamwangalia dada yake, akaubeba mzigo wako ili nyumba ya dada yake isivunjike. Wewe umeandika kurasa tatu, na hakuna mahali ulipoandika kwamba umemshukuru. Huyo humwombi msamaha mbele ya watu tu. Huyo unakwenda kwake mkiwa wawili, bila hadhira, unamwambia na hilo.

Fanya kwa mpangilio huu: mkeo leo, shemeji leo, mama mkwe kesho asubuhi, duka mchana, mafundi jioni, kwa mwalimu keshokutwa. Mpaka hapo, chomoa waya wa grinda.