Macho ya Yule Ng'ombe Mwekundu

Mtendeni, Tabora
12 Agosti 2024

Mdogo wangu Kabula,

Pokea salamu zangu na za binti yangu Flavia, anayenipikia uji na kunigombeza nisipoumaliza. Miguu yako bado inavimba? Na shemeji Masolwa, kifua chake kimetulia huko Kaliua? Mimi nimechoka, mdogo wangu. Daktari anasema moyo unasuasua, wala hakunificha kwamba siku zangu si nyingi.

Wiki iliyopita walinitia matone machoni ili wanipime. Mboni zilipanuka, mwanga ukaniumiza mchana kutwa. Flavia alicheka, akasema baba anatazama kama bundi. Sikuweza kucheka. Nilimkumbuka yule ng'ombe mwekundu.

Mwaka 1993, kijijini kwenu kule Nzega, ng'ombe walitoka kwenye josho nililolisimamia mimi, bwana mifugo, wakapita kunywa kisimani kwa Masolwa. Muda si mrefu wakaanza kutokwa mate na kutetemeka. Walianguka ishirini na sita. Watu walisema Masolwa ametia mnanaha majini, kwa kuwa mmea ule wa sumu ulijaa kando ya shamba lake na alikwisha kugombana na majirani juu ya kisima. Sungusungu wakaniita niseme ninachokijua.

Nilijua. Mboni za wale ng'ombe zilikuwa zimebana kama tundu la sindano. Misuli inayobana mboni ina vipokezi, mfano wa makufuli yanayofunguliwa na kemikali itokayo kwenye neva. Dawa ya josho ikizidi, kemikali hiyo haiondoki. Inarundikana, na mboni zinabana. Mnanaha huyaziba makufuli hayo hayo, na mboni hupanuka. Kwa hiyo haukuwa mnanaha. Maji ya josho yalikuwa nusu, nami nilitia dawa ya josho lililojaa. Sikutumbukiza fimbo ya kupimia, maana nilikuwa na haraka ya kuwahi harusi Tabora.

Sasa sikia nililokuficha. Kabla wazee wa Sungusungu hawajafika, nilimchoma ng'ombe mwekundu sindano ya atropini. Ndiyo tiba yenyewe, na huziba vipokezi kama mnanaha, kwani hata ndani ya mnanaha imo. Mboni zake zikafunguka pana. Nikawaita wazee, nikamshika kope, nikawaambia wajionee. Mkubwa wa Sungusungu akamtania Masolwa kwamba hata ng'ombe anamtolea macho, watu wakaangua kicheko. Masolwa aliniuliza kitu kimoja tu: shemeji, hata wewe? Nikamjibu kwamba macho hayo hayadanganyi.

Yule ng'ombe alipona, peke yake. Masolwa alitengwa: asipewe moto, asiazimwe jembe, asisaidiwe kuzika. Mwezi uliofuata Mhoja wenu akafariki, mkachimba kaburi la mtoto ninyi wawili. Mimi nilifika siku ya tatu, nawe ukanishukuru kwa kuja.

Nimemwandikia mwenyekiti wa kijiji kile cha Nzega haya yote na kutia sahihi mbele ya katekista Alois. Nakala imo humu. Msomee Masolwa bila kuruka neno, hata lile la harusi.

Nikifa, Flavia atakupigia simu. Nimemwambia kwamba msipokuja, asiwaulize sababu.

Nisalimie wajukuu wote, na ubaki na amani.

Ni mimi kaka yako,
Wilbroad