Chumvi Kwenye Uji Mtamu

Jumatano, baada ya magharibi.

Wallahi leo nimeumbuka. Mwanangu Mwanaidi kaonja uji wangu wa oti kijiko kimoja, akatema. "Baba, huu uji au umechota maji ya bahari Raskazone?"

Nikacheka. "Ulimi umekuharibikia huko kwa mumeo Pangani."

Miaka yote najigamba barazani kwamba kutia chumvi kwenye uji wa sukari na tui nimeanzisha mimi, na marehemu mamake Mwanaidi nimemfunza mimi. Mwenyewe alikuwa akinisikia, ananijazia bakuli.

Leo Mwanaidi kaja na daftari aandike uji wa mamake unavyopikwa. "Chumvi kiasi gani, baba?"

"Mpaka ukolee."

"Kijiko? Kabla ya sukari au baada?"

Nikamwaga kiganja kizima, kama mtu anayejua. Jikoni mimi nilikuwa naingia kufuata bakuli tu.

Alipotema akanishika bega. "Basi baba, uzee huo. Umesahau."

Nikaitikia, nimesahau. Afadhali anione nimechanganyikiwa kuliko muongo.

Uji wa mamake ndo basi tena. Yeye anadhani umepotelea kichwani mwangu. Haujawahi kuwamo.