Basi la Chuo Mlangoni kwa Dada

Mama Akoth, mpenzi wangu uliyebaki Mombasa,

Nipo Mbita, vidole vinanukia samaki aina ya ngege wa kukaanga, mbavu zinaniuma kwa kicheko. Leo Atieno, mjukuu wa dada yangu, lazima achague chuo kikuu. Anakitamani kimoja kidogo kinachofundisha ufugaji wa samaki. Dada akakataa. Huku heshima ya chuo hupimwa kwa basi linalotumwa mazishini mwanafunzi wake anapofiwa.

"Hicho chako kilileta kabasi kadogo kwa maziko ya jirani," alisema. "Kile kikubwa kilileta basi refu, jina limeandikwa ubavuni."

"Na hilo refu lilifika wapi, Dani?" Atieno akamuuliza bibi yake.

Dada akatafuna polepole. Lilikwama matopeni chini ya kilima. Wanafunzi walipanda kwa miguu, wakakuta kaburi limeshafunikwa.

"Kadogo kalifika mpaka mlangoni," akakubali. "Haya, chagua hicho. Lakini mimi sifi mpaka umalize."

Nami, niliyeondoka hapa nikiwa kijana, nikauliza nikifa nitaletwa na basi gani.

"Wewe utakuja kwa miguu yako, ukiwa hai," Dada akanijibu.

Panga nguo zako, mpenzi. Desemba tuje wote wawili, tukiwa hai.

Wako,
Baba Akoth